Nihon Minka-en, Kawasaki: nenda wakati wa baridi, vaa soksi nzima

Nihon Minka-en ni makumbusho ya wazi ya nyumba za zamani za Kijapani, katika mji wa Kawasaki, jirani na Tokyo. Mara ya kwanza nilikwenda Jumatatu. Kosa langu mwenyewe, maana Japani makumbusho mengi hufungwa siku hiyo na nilikwisha kuambiwa. Nikasimama mbele ya lango, nikamaliza andazi langu la maharage matamu, nikarudi zangu. Kwa hiyo haya ni ya mara ya pili, Jumamosi moja ya Januari, nikiwa na Mkenya mmoja ninayesoma naye.

Kufika si kazi. Shinjuku, katikati ya Tokyo, unapanda treni ya Odakyu hadi kituo cha Mukogaoka-Yuen, halafu unatembea kama robo saa mpaka bustani ya Ikuta Ryokuchi. Kiingilio cha mtu mzima ni yeni 550. Ukishaingia unakuta kilima chenye miti, na ndani ya miti hiyo nyumba za zamani kama ishirini na tano, nyingi za wakulima. Hakuna iliyojengwa pale kwa ajili ya maonyesho. Watu waliishi humo kweli, huko mikoani, kisha zikafunguliwa boriti moja moja, kila kipande kikaandikwa namba, zikaletwa na kuungwa upya. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1967, wakati Wajapani wanabomoa nyumba za mababu zao kwa kasi ili wajenge za kisasa.

Nikiri kwamba hamu sikuwa nayo. Mtu aliyekulia Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, aliyelala chini ya paa la nyasi mpaka darasa la tano, halipi nauli kwenda kutazama paa la nyasi. Na mwanzo wa njia ulinipa haki. Zile za karibu na lango ni za watu wa biashara: duka kutoka Nara, nyumba ya wageni ya Fukushima ambamo wafanyabiashara wa farasi walilala pamoja na farasi wao. Nzuri, safi, baridi. Nilizipita haraka kama mtu anayekagua vyumba vya kupanga.

Halafu tukasikia harufu ya moshi.

Ilitoka kwenye nyumba ya familia ya Emukai, iliyoletwa kutoka Gokayama, milima ya Toyama, ambako theluji huanguka kwa mita. Paa lake limesimama wima hivi, mithili ya viganja viwili vya mtu anayeomba, ndiyo maana Wajapani huita mtindo huo gassho. Theluji haipati pa kukaa. Tulivua viatu (hapo ndipo tundu la soksi yangu ya kushoto lilipojitangaza) tukapanda sakafuni. Katikati kuna shimo la mraba lenye majivu, wanaliita irori, na kuni zilikuwa zinawaka. Juu yake inaning'inia kulabu ya kushikia birika. Mara nyingi kwenye kulabu hizo huchongwa samaki, kwa sababu samaki ni wa maji na maji ni adui wa moto.

Kando ya moto alikaa mzee wa kujitolea. Wako kadhaa, na kila siku huwasha moto katika baadhi ya nyumba. Kijapani changu ni cha dukani, lakini huyu alikuwa mwepesi wa mikono: akatuonyesha moshi unavyopanda, akatuonyesha kamba zilizofunga miti ya paa, akafanya vidole kama mdudu anayetembea, kisha mdudu akafa. Nikaelewa yote. Moshi hukausha nyasi, hufukuza wadudu, na masizi yake hukaza kamba na mbao. Nyumba isiyowashwa moto huoza. Kumbe wale wazee hawaigizi maisha ya zamani ili sisi wageni tufurahi. Wanaitunza nyumba kwa dawa yake ileile.

Mwenzangu akatazama boriti zilivyo nyeusi, akasema, "Kaka, hapa ni jikoni kwa shosho kabisa." Na mimi nilikuwa nimeshafika kwa bibi yangu, yule aliyekataa katakata kuwekewa bati jikoni, aliyetundika mahindi ya mbegu juu ya moto ili bungua asiyaguse. Tulimwona mkaidi. Ningekuwa na maneno ya Kijapani ningemweleza yule mzee habari zake. Nikaishia kuonyesha dari na kusema "mahindi, bibi yangu", naye akacheka kwa adabu.

Darini kwenye nyumba za namna hii walifuga viwavi wa hariri. Na chini ya sakafu, huko Gokayama, walivundika udongo pamoja na majani, kinyesi cha viwavi na mkojo ili wapate chumvi ya kutengenezea baruti. Juu hariri, chini baruti, katikati watu wanakunywa chai!

Tangu hapo nikawa nafuata moshi badala ya ramani, na ndivyo ninavyokushauri. Nyumba ya familia ya Kudo, kutoka Iwate kaskazini, imepinda kama kiwiko: upande mmoja watu, upande wa pili farasi, paa moja. Baridi ya kule haimruhusu mkulima kumlaza farasi nje, basi alilala ndani. Kwa mtu wa nyanda za juu hilo halihitaji maelezo. Mbuzi wetu walilala wapi?

Niliyoipenda kuliko zote haina umbo la kushangaza. Ni nyumba ya familia ya Kitamura, kutoka Hadano, mkoa huohuo wa Kanagawa. Fundi aliandika mwaka kwa wino kwenye ulimi wa mti, ndani ya kiungo, mahali ambapo hakuna jicho lingepaona mpaka nyumba ifunguliwe. Ndiyo maana umri wake unajulikana: 1687. Chumba cha moto kimetandikwa fito za mianzi badala ya mbao. Kwetu mwanzi ni ulanzi kwanza, yaani pombe yake, mengine baadaye, na sikuwahi kuukanyaga kama sakafu. Unateleza, umelainishwa na nyayo, na Januari upepo unapita kati ya fito mpaka kwenye soksi. Hasa yenye tundu.

Mengine kwa kifupi. Kuna ghala la kisiwa cha Okinoerabu, limenyanyuliwa juu ya nguzo lisipate unyevu wala panya. Ukilipunguza ukubwa utaapa ni kihenge. Kuna jukwaa la kabuki, mchezo wa jadi wa kuigiza wa Kijapani, la wavuvi wa Shima, mwaka 1857, ambalo sehemu ya kati huzunguka, na wa kulizungusha ni wanaume waliokuwa kwenye shimo chini yake. Shimo hilo huitwa naraku, neno lilelile la jehanamu. Chakula cha mchana unaweza kula tambi za soba ndani ya nyumba iliyoletwa kutoka Shirakawa. Wenye mikono ya kazi wanaweza kutia kitambaa rangi ya nili karibu na lango la magharibi. Sisi muda ulitushinda.

Tenga saa tatu, si moja. Njia ni za kupanda na kushuka, ngazi zipo, kwa hiyo mwenye magoti mabovu aende taratibu au achague nyumba chache. Milango ni mifupi: nilijigonga kipaji cha uso mara mbili, ya pili mbele ya watoto wa shule. Na msimu wa baridi hufungwa saa kumi na nusu jioni, usifike alasiri ukidhani unayo siku nzima.

Mtu aliyewahi kufika Kijiji cha Makumbusho pale Dar, kando ya Barabara ya Bagamoyo, atalitambua wazo mara moja. Kile kilianza 1966, hii ya Kawasaki mwaka uliofuata, hawakuambizana. Nikirudi likizo nitakwenda tena kuutazama ule msonge wa Wahaya, safari hii nikitazama juu, kwenye fito, kuona kama kuna masizi.

Kawasaki nitarudi Machi, kabla ya kurudi nyumbani. Soksi nimeshanunua.