Riwaya za Zanzibar kwa kundi letu la kusoma Mtwara: duka la vitabu la Dar lilivyotuhudumia

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibana nitaieleza huko mbele.

Huduma yenyewe ni hii: duka la vitabu Dar es Salaam linalopokea oda kwa WhatsApp. Unatuma orodha, wanakujibu kipi kipo na kipi hakipo, unalipa kwa simu, mzigo unapanda basi na unaufuata stendi hapa Mtwara. Nauli ya kifurushi chetu haikufika hata bei ya riwaya moja, na tuliichanga.

Kundi letu lina walimu, muuguzi, vijana wa bandarini na mama mmoja mwenye duka Magomeni ya hapa mjini. Tuna utaratibu wa kuchagua eneo moja, kila mtu asome angalau riwaya mbili za huko, kisha tukutane Shangani, hapa hapa Mtwara, Jumapili jioni tubishane. Kuchagua eneo ndiko kulikotutoa jasho kuliko kusoma.

Wengi walitaka Msumbiji. Mto Ruvuma, mpaka wetu nao, ni hapo tu, na Wamakonde wako kingo zote mbili. Mwalimu mmoja alikuja na hoja nzito: Paulina Chiziane, aliyepata Tuzo ya Camões, tuzo kubwa ya fasihi ya Kireno, mwaka 2021, na Mia Couto aliyeipata 2013. Tatizo likawa lugha. Hao wanaandika Kireno, na tafsiri tulizozifahamu ni za Kiingereza, ambacho nusu ya kundi hawakifurahii kwa kurasa mia tatu. Nilipouliza dukani, dada anayejibu oda hakunizungusha. Alisema hana, na hakutaka pesa ya kungojea. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, maana nimewahi kuagiza sehemu nyingine nikaambiwa "vipo njiani" mpaka nikachoka kuuliza.

Tukahamia Zanzibar. Kina mama wawili kundini wana ndugu Unguja, wazee wao walikwenda kutafuta kazi hawakurudi, kwa hiyo kura haikuchukua muda.

Kilichochukua muda ni kuamua kitabu gani ni cha Zanzibar. Abdulrazak Gurnah kazaliwa Unguja mwaka 1948, kapata Nobel 2021, na riwaya yake ya 1994 ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Lakini kijana Yusuf wa humo anazunguka bara na mwambao wa huku kwetu, na mwandishi mwenyewe ameishi Uingereza tangu ujana. Je, tunahesabu mwandishi alikozaliwa au hadithi inakotokea? Mimi nilishikilia hadithi. Mtu anasoma eneo ili alijue, cheti cha kuzaliwa cha mwandishi hakimwonyeshi mtaa wala bandari. Nilishinda kwa kura chache, Peponi ikawekwa kuwa ya ziada. Cha kuchekesha, ndiyo iliyosomwa na watu wengi zaidi, na mzee wetu wa Mikindani alisema ile misafara ya biashara ilimkumbusha masimulizi ya nyumbani kwao. Bado sijabadili msimamo, ila siku hizi naupunguza sauti.

Katika zilizohesabiwa, usambazaji ulitofautiana sana. Vuta n'Kuvute ya Shafi Adam Shafi ilipatikana bila shida, kwa sababu imekuwa ikisomwa kidato cha tano na sita. Walimu walidhani tayari wanaijua. Ukiisoma bila kutafuta majibu ya mtihani, Yasmin anayemkimbia mume mzee ni mtu mwingine kabisa, na Denge na siasa zake za miaka ya mwisho ya ukoloni si "dhamira" tena, ni kijana anayewindwa na polisi. Utengano ya Said Ahmed Mohamed nayo ilikuwepo. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotoka 1960, ilipatikana nakala chache tukaipokezana. Bwana Msa, mpelelezi wa humo, na kiko chake wamempata mama wa Magomeni, sasa anashuku kila mteja anayekopa.

Ila kitabu cha msimu kilikuwa Kuli, cha Shafi vilevile, cha 1979, chenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa 1948. Vijana wetu wa bandarini, ambao kwa kawaida husoma muhtasari wa wenzao, walikimaliza mapema. Msimu wa korosho wanajua gunia linavyokaa begani na jua la mchana gatini. Mmoja alisimama kutueleza jinsi kibarua wa siku anavyopangiwa kazi, na nani huachwa nje, akawa analinganisha na Rashidi wa kitabuni. Mwalimu wa fasihi alinyamaza kimya, jambo la nadra.

Sasa ile nyota. Nakala moja ya Kuli ilikuja na kurasa zilizojirudia na nyingine hazimo. Nilituma picha, wakakubali kubadilisha bila ubishi, lakini nauli ya kurudisha niligharamia mimi. Kosa la kiwanda, gharama ya mteja? Hapana. Pia hawakusema mapema kwamba Mzimu walizonazo ni za toleo tofauti, hivyo namba za kurasa hazikulingana, na kwenye majadiliano mkawa mnatafutana tu.

Mkiagiza kwa kundi, ombeni nakala zote za toleo moja, na picha ya jalada la nyuma kabla ya kulipa. Kataeni fotokopi zilizotiwa springi hata kama bei inavutia. Sisi huku kusini tuangalie na masika: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka Dar ilikatika maeneo ya Somanga, na mzigo wa basi hauna njia ya mkato. Sisi tuliagiza kiangazi.

Awamu ijayo ni Kanda ya Ziwa, tukianza na Kezilahabi wa Ukerewe. Rosa Mistika zipo, dada amethibitisha. Gamba la Nyoka anaitafuta, na nimemwambia safari hii nakala mbovu ikija, nauli ni yake.