Hisa za kampuni changa za lithiamu: tathmini yangu kwa mfano wa Manono

Ninaitathmini hapa hisa ya kampuni changa ya lithiamu, madini ya kutengenezea betri, kama bidhaa nyingine yoyote anayouziwa mwananchi mwenye akiba kidogo. Mfano nilioufuatilia kwa karibu ni AVZ Minerals, kampuni ya Australia iliyochoronga miamba ya Manono, mkoani Tanganyika, Kongo, katika mji wa watu wanaozungumza Kiswahili ambao tangu enzi za Wabelgiji ulisifika kwa bati.

Mwamba wenyewe hauna kasoro. Makadirio ya mwaka 2019 yalikuwa tani milioni 400 zenye wastani wa asilimia 1.65 ya oksidi ya lithiamu, na upembuzi yakinifu ulitolewa Aprili 2020. Umbali nao ni mzigo mzito, kwa kuwa shehena ya kwenda Dar es Salaam italazimika ama kufika Kalemie, kuvuka ziwa hadi Kigoma na kupakiwa kwenye treni, ama kuzunguka kwa barabara kupitia Zambia. Lakini hilo yeyote mwenye ramani aliliona na angeweza kulipima kabla ya kutoa fedha zake.

Kilichowaumiza wanahisa ni umiliki. AVZ ilidai asilimia 75 ya Dathcom, kampuni ya ubia iliyohodhi eneo hilo, ilhali Cominière, shirika la serikali ya Kongo, lilikuwa limeiuzia Zijin, kampuni ya madini ya China, asilimia 15 mwaka 2021, mauzo ambayo AVZ iliyapinga. Mei 2022 biashara ya hisa za AVZ ilisimamishwa, bei ya mwisho ikiwa senti 78 za Australia, na Mei 2024 kampuni ikaondolewa kabisa kwenye soko la hisa la Australia. Katika miaka hiyo miwili bei ya lithiamu ilipanda hadi kilele mwishoni mwa 2022 kisha ikaporomoka, na aliyeweka humo ada ya shule ya watoto hakuweza kuuza hata hisa moja wakati wa neema wala wakati wa dhiki. Shauri likapelekwa kwa wasuluhishi wa kimataifa, na leseni ya sehemu ya kaskazini-mashariki ikaangukia kampuni ya ubia ya Zijin na Cominière.

Sisemi kwamba bidhaa hii yote ni mbovu. Pilbara Minerals, kampuni nyingine ya lithiamu ya Australia, ambayo hisa yake iliwahi kuuzwa kwa senti chache tu, ilisafirisha shehena yake ya kwanza kutoka mgodi wake wa Pilgangoora mwaka 2018. Ilikuwa na leseni isiyogombaniwa, wanunuzi waliokwisha kutia saini, na bandari ya Port Hedland isiyo mbali.

Kwa hiyo mimi husoma hati ya leseni na majina ya wabia kabla ya matokeo ya uchorongaji, hata kama matokeo hayo yanang'aa. Kisha hufungua taarifa ya fedha ya kila robo mwaka, ambayo katika soko la Australia hutaja fedha zilizobaki zitatosha kwa robo ngapi. Zikiwa chini ya mbili, mara nyingi hisa mpya huuzwa karibuni, na fungu la mwanahisa wa zamani hupungua. Hapo huwa ninasubiri mauzo hayo yapite ndipo nifikirie kununua.