Kifaa cha kunawia mikono cha kukanyaga: tathmini ya muuguzi

Kituo chetu cha afya kilinunua kifaa hiki mwaka 2020, Uviko-19 ilipokuwa imepamba moto, kikawekwa langoni ili kila anayeingia anawe kwanza. Ni fremu ya chuma yenye tangi la lita 100, sinki, chupa ya sabuni ya maji na vikanyagio viwili, kimoja cha sabuni na kingine cha maji.

Sifa yake kubwa ni kwamba mkono haugusi koki. Koki ya kawaida hufunguliwa kwa mkono mchafu na kufungwa kwa mkono uleule ukishatakata, hivyo mtu huondoka na uchafu wa waliomtangulia. Hapa maji hukatika mguu unapoinuka. Nilimtazama mama mmoja, mtoto mgongoni, akisugua kati ya vidole na chini ya kucha kwa utulivu, pasipo maji kumwagika bure, na kwa kituo ambacho maji yake huletwa kwa gari, hiyo ni nafuu ya kweli.

Kikanyagio cha sabuni, kwa upande wake, kilinisikitisha. Sabuni nzito iliganda kwenye mrija, waya wake ukakatika kabla ya miezi miwili kutimia, na kwa siku nne tulizomsubiri fundi wa muuzaji, watu walinawa kwa maji matupu wakiamini wamejikinga, ilhali sabuni ndiyo inayoyeyusha utando wa mafuta unaofunika virusi vya korona. Mgonjwa wa magongo naye hawezi kukanyaga. Ilitubidi tumwekee kitakasa mikono pembeni.

Muuzaji hakutueleza habari ya maji machafu. Ndoo ya chini hubeba lita 20, kwa hiyo mhudumu wa usafi huimwaga mara tano kwa kila tangi, na akichelewa, sakafu ya lango huwa dimbwi. Tulipumua tulipochimba shimo la kokoto na kuunganisha mpira.

Ningekinunua tena, mradi kije na waya wa akiba na sehemu ya kubonyeza kwa kiwiko. Lakini cha kwanza ningekipeleka chumba cha kujifungulia, ambako wakati wote huo wakunga wenzangu, wanaopaswa kunawa kabla na baada ya kumgusa kila mama, walikuwa wakimiminiana maji kwa kopo.