Presha kuka ya umeme: miezi 9 jikoni kwangu Mbagala

Nyumbani tuko watu 6, na siku mbili haziishi bila maharage au makande. Chai, ugali na mboga napikia gesi. Vitu vigumu nilikuwa navichemsha kwa mkaa wa 2,000 kila siku. Mwezi ukiisha, 60,000 zimekuwa majivu.

Kabla ya kununua presha kuka hii ya lita 6 kwa 180,000 Kariakoo, nilijaribu njia nyingine mbili. Jiko banifu la 15,000 lilipunguza mkaa kweli, theluthi hivi, ila kwa muuza mkaa niliendelea kwenda. Nikahamishia maharage kwenye gesi. Mtungi wa kilo 6 uliokuwa unakaa mwezi mzima ukaisha siku ya 16, na kuujaza ni 24,000 kwa mkupuo. Hapo ndipo nikawaelewa majirani zangu waliopata mitungi ya ruzuku kisha wakarudi kwenye mkaa. Mkaa unapimiwa hata wa 500. Mtungi wa kawaida haujazwi hivyo.

Presha kuka niliipima kwa LUKU. Nilizima friji na taa, nikasoma mita, nikaweka nusu kilo ya maharage makavu ambayo sikuyaloweka. Dakika 50 za kupika, kisha kama 15 za kungoja presha ishuke yenyewe. Zilikwenda yuniti 0.4. Kwa sisi wa T1, yaani bei ya umeme ya matumizi ya kawaida, 1,000 inatupa takriban yuniti 2.8, kwa hiyo sufuria zima la maharage ni kama shilingi 140. Kesho yake nilipima tena, maana sikuamini. Aliye D1, kundi la nyumba zinazotumia umeme kidogo, ambaye yuniti 75 za kwanza za mwezi anauziwa 100 kila moja kabla ya makato, kwake ni kama 50, mradi asivuke hizo 75.

Sasa umeme wa kupikia unakula 12,000 kwa mwezi, na mkaa umebaki wa 10,000, wa chapati na samaki wa kuchoma. Ilipofika miezi mitano tangu niinunue, ilikuwa imesharudisha pesa yake.

Lakini si pesa tu. Mkaa wa Dar unatoka Kisarawe, Mkuranga, Rufiji, Kilwa, mpaka Morogoro, na kwa tanuri za kienyeji kilo 1 ya mkaa inakula kilo 5 za kuni au zaidi. Aprili 2024 Rufiji ilipofurika, shamba la mpunga la mama yangu mdogo kule Muhoro lilifunikwa lote. Tangu hapo kila ninapoambiwa habari za kuokoa mazingira nauliza: shilingi yangu itaokoa nini, na lini? Miti nimepanda na nitapanda tena, ila mche unataka miaka na mtu wa kuumwagilia. Mti usiokatwa leo umeshasimama.

Mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Basi ruzuku iliyokwenda kwenye mitungi ije na kwenye presha kuka, hata kama ni mkopo unaokatwa kidogo kidogo kila mtu anaponunua umeme. Kinachowazuia majirani zangu ni ile 180,000 ya mwanzo, basi.

Kasoro zipo. Ugali hausongeki humo. Mpira wa mfuniko ulilegea mwezi wa sita tangu niinunue, na duka nililonunulia halikuwa na spea. Nilisubiri wiki mbili. Ulizia mpira wa akiba siku hiyohiyo unayonunua. Chomeka kwenye soketi ya ukutani, usitumie ekstensheni nyembamba. Umeme ukikatika, usifungue; acha joto liendelee kuivisha.

Kwa mama mdogo umeme haujafika. Yeye nimempelekea lile banifu.