Nimenunua kaseti ya gemu "ambayo haikuwahi kutoka", uzoefu wangu msije mkaliwa kama mimi

Ngoja niandike hii kabla hasira hazijaisha maana zikiisha nitaona uvivu. Mi ni mtu wa Tanga ila naishi Columbus, Ohio, mwaka wa nane huu, na ugonjwa wangu ni mashine za gemu za zamani. Nakusanya kaseti. Nasema kaseti kwa sababu kwetu ndo tulivyoziita, zile za njano zilizoandikwa gemu 999999 kumbe ziko sita zinajirudia, ikigoma unaipuliza inakubali, mnazikumbuka. Sasa ndani ya huo ugonjwa kuna kaugonjwa kengine kadogo, gemu zilizotokana na vipindi vya TV vya Wamarekani vya maswali na zawadi, Wheel of Fortune, Jeopardy!, Family Feud, The Price Is Right, hizo. Watu wenye akili zao wanatafuta Zelda, mi natafuta gurudumu la bahati. Mke wangu kashanyamaza.

Basi mwezi wa pili nikaona tangazo onlaini, jamaa anauza kaseti ya Nintendo ile ya kijivu, NES, kaandika ni The Price Is Right, gemu ambayo haikuwahi kutoka, "imenakiliwa toka prototaipu ya kiwandani", yani ile sampuli ya majaribio kabla gemu haijatolewa. Dola 45 na posta juu. Picha nzuri, stika inang'aa, boksi lipo, hadi kitabu cha maelezo. Jina la muuzaji silitaji, na hata angekuwa mwingine hadithi ingekuwa hii hii maana wako wengi.

Mtaniuliza mtu mzima na ndevu zako ulikubalije. Nilikubali kwa sababu uongo wake ulikuwa umekaa juu ya ukweli, na huo ukweli naujua vizuri, ndo ulioniponza.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka 1983 kuna kampuni Marekani iliitwa The Great Game Company, walichukua leseni za vipindi vya TV wakatangaza wanatengeneza gemu zake kwa ajili ya Atari 2600 na mashine nyingine za wakati ule. Orodha yao ilikuwa inatoa udenda, Wheel of Fortune, Family Feud, The Price Is Right, The Joker's Wild, Tic-Tac-Dough. Hakuna hata moja iliyofika dukani. Maana 1983 ndo mwaka biashara ya gemu Marekani ilipodondoka chali, maduka yamejaa kaseti hazinunuliki, zilizokuwa za dola 30 na kitu zinamwagwa kwenye vikapu kwa bei ya mchicha, Atari wenyewe wakapakia mzigo kwenye malori wakaenda kuufukia jalalani Alamogordo, New Mexico, mwezi wa tisa mwaka huo huo (mwaka 2014 wakaenda kuufukua, kweli wakazikuta kaseti). Inakadiriwa soko lilitoka kwenye dola bilioni 3.2 mwaka 1983 likafika milioni 100 hivi mwaka 1985. Sasa wewe na leseni yako ya The Joker's Wild unakwenda kumuuzia nani.

Na kinachoniuma ni kwamba hawakukosea vipindi, walikosea saa tu. Wheel of Fortune ile ya jioni, iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote, ilianza mwezi wa tisa 1983, yani Atari wanafukia kaseti huku gurudumu ndo linaanza kuzunguka kila sebule. Jeopardy! ya mtangazaji Alex Trebek ikaanza mwezi wa tisa 1984. Wangekuwa na pumzi ya miaka minne mitano mbele wangekula vizuri sana.

Ila hapa kuna kitu nilipaswa kukikumbuka kabla sijatoa kadi ya benki. Kutangazwa sio kutengenezwa! Kampuni inaweza ikachora boksi, ikaweka jina kwenye katalogi, na hakuna mtu hata mmoja aliyekaa akaandika programu. Nina Atari 2600 hapa ndani, ile ya mbao, na kila nikiitazama najiuliza hizi gemu wangezifanyaje. Ile mashine ina kumbukumbu ya baiti 128. Sio kilobaiti, baiti, hii sentensi unayoisoma sasa hivi ukiihesabu herufi kwa herufi hadi kwenye nukta yake inaenea kwa tabu. Kaseti ya kawaida ilikuwa kilobaiti 4. Maandishi ndo kabisa, ile chipu haikuumbwa kuonyesha maneno, iliumbwa kwa ajili ya vifaru viwili na risasi zao, mafundi walikuwa wanachezea zile picha mbili za wachezaji kwa ujanja wapate kama herufi 12 kwenye mstari mmoja. Wheel of Fortune labda ingewezekana kwa kubanabana maana Atari walishatoa Hangman mwaka 1978 na mchezo ni ule ule wa kukisia herufi. Lakini The Price Is Right? Inabidi uonyeshe friji, sofa, gari, kopo la supu, na mtu akitazama ajue hili ni friji na hili ni sofa, kwenye 2600 vyote vingekuwa tofali. Mi naamini zile za mashine za ColecoVision na Intellivision zingekuwa na nafuu, pedi zake zina vibonyezo vya namba kama simu na unachomeka karatasi ya plastiki juu kuonyesha kila kibonyezo kinafanya nini, kutaja bei pale ni kubonyeza tu. Hiyo ndo ninayoililia haswa.

Sasa NES ni kitu kingine, ina kilobaiti 2 za kumbukumbu, inaandika maneno bila shida, na kampuni ya GameTek ilishatoa The Price Is Right ya kompyuta mwaka 1990, ya DOS na Commodore 64. Kwa hiyo mtu akikwambia ilikuwepo ya NES ikaishia njiani, akili inasema mbona inawezekana kabisa. Ndo hapo nikalipa.

Mzigo umechukua wiki tatu. Nikafungua boksi, nje ni pazuri kwa kweli, aliyeprinti stika anajua kazi yake. Nikachomeka, nikawasha, inawaka inazima inawaka inazima, kila aliyewahi kuwa na hii mashine anaijua hiyo, ni kile kichipu cha ulinzi kinakataa kuelewana na mwenzake aliyepo kwenye kaseti. Nikafuta pini na spiriti. Mara ya nne ikapanda. Likatokea jina The Price Is Right kwa herufi zilizojikunja kama zimebanwa na mlango, nikabonyeza Start, na mbele yangu kukaja gurudumu.

Nikafurahi! Maana The Price Is Right ina gurudumu kweli. Lakini lile la Price ni kubwa limesimama wima kama la kinu, lina namba 20 kuanzia senti 5 mpaka dola moja, mchezaji analivuta kwenda chini. Hili la kwangu limelala chali lina vipande vya pesa na Bankrupt (umefilisika). Nikatulia. Nikazungusha. Ikaniambia chagua herufi.

Jamani ni Wheel of Fortune. Ni ile ile ya kampuni za Rare na GameTek ya mwaka 1988 ambayo ninayo kwenye kabati, niliokota kwa dola 5 kwenye duka la mitumba, kachakachua ukurasa wa mbele akabadilisha jina basi, ndani mafumbo yale yale, muziki ule ule, hata fumbo la kwanza nililishawahi kulitatua. Nadhani alifikiria gurudumu ni gurudumu tu nani atajua.

Nikaifungua na ile bisibisi yake maalum ya milimita 3.8. Kwa wasiojua, prototaipu ya kweli ya zama zile ukiifungua mara nyingi unakuta chipu za EPROM, zina kidirisha cha kioo juu, zinafutwa kwa mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo kidirisha kinazibwa na stika na mara nyingi kuna mwandiko wa mtu kwa kalamu, jina la gemu na tarehe. Na kaseti ya dukani ya kawaida unakuta bodi imeandikwa Nintendo na mwaka, na chipu zenye namba zake. Yangu ilikuwa na bodi mpya ya kijani nyepesi kama kadi ya harusi, chipu moja ya kisasa na donge jeusi la gundi. Hata hivyo sikatai, kaseti ya kunakili lazima iwe na bodi mpya, mwenyewe alisema ni nakala. Tatizo ni nakala ya nini.

Nikamwandikia kwa upole kabisa. Akajibu kwamba prototaipu nyingi "zilitumia injini ya gemu nyingine". Nikamtumia picha mbili, fumbo la kaseti yake na fumbo la kaseti ya dola 5, zinafanana neno kwa neno. Akanyamaza siku sita. Akarudi na ofa ya dola 10 nibaki na kaseti. Nikakataa, nikapeleka malalamiko kwenye ule mtandao niliolipia, wakasema watarudisha hela yote nikirudisha kaseti ila posta ya kwenda na kurudi ni juu yangu, nikaona kurudisha ni hasara juu ya hasara, nikakubali zile 10. Kwa hiyo nimeliwa 35 na posta.

Wakati naisubiri hii takataka nilikuwa nacheza zilizotoka kweli, na hizo ndo nawashauri. Wheel of Fortune na Jeopardy! za NES zote za 1988 na zote Rare ndo waliotengeneza. Wheel ndo bora, herufi ni herufi, hata Kiingereza chako kikiwa cha kuombea maji unashinda. Jeopardy! inakunyoosha, maswali ni ya Marekani ya enzi ya Rais Reagan na jibu unaliandika herufi moja moja kwa pedi, unajua jibu kabisa lakini unahangaika na spelling saa inakwenda. Family Feud ya SNES (mashine ya Nintendo iliyofuata NES) ya 1993 hiyo ndo kituko, inasahihisha majibu kizembe, ukiandika herufi za jibu sahihi kwa mpangilio wake hata ukichomekea uchafu katikati mara nyingi inakubali, wanangu wameshagundua wanaandika upuuzi mrefu na wananishinda. Zote hizi ni bei ya sahani ya chipsi, hakuna anayezigombania.

Mama alikuja mwezi wa nne kututembelea, akakaa na sisi kwenye Family Feud, nikamweleza waliulizwa watu mia moja na wewe unatakiwa ukisie walichojibu wengi. Akauliza hao mia walitolewa wapi, mbona yeye hakuulizwa. Halafu akaniambia hichi ni kitendawili tu mmekivalisha suti, ila cha kwetu mtu akishindwa anatoa mji, huku anatoa nini? Nikasema pesa za kwenye TV. Akasema basi bora mji.

Nikaona nimsimulie na hii ya kaseti. Nikamweleza kwanza The Price Is Right inavyochezwa, kuna kitu kimewekwa mbele, kila mtu anataja bei, anayekaribia zaidi ndo mshindi lakini ukizidisha hata senti moja umetoka. Hiyo aliielewa kuliko mi ninavyoielewa, mwanamke kauza vitenge sokoni Mgandini miaka ishirini. Akaichukua kaseti, akaigeuza, akaipima uzito mkononi, akagonga na ukucha.

"Nane," akasema.

Nikamwambia mi nilitoa 45.

"Basi baba wewe umetoka."

Ipo kwenye droo ya betri. Kama kuna mtu yuko Ohio na anaitaka kwa hiyo nane aniambie, boksi na kitabu nampa, ila ajue anapata Wheel of Fortune. Na kama kuna mtu ana kaseti ya ColecoVision yenye mwandiko wa kalamu juu yake hata kama haiwaki, huyo ndo namtafuta haswa.