Baharini jioni au hadithi kitandani?

Wanangu wakitoka skuli waingie chuoni kusoma Kurani, wanafika nyumbani vichwa vimejaa, hata kuongea vizuri hawawezi, basi nimejaribu njia mbili za kuwatuliza. Kuwapeleka Mama Ngina, pale kando ya bahari Mombasa, jioni ni raha kwelikweli, wanakimbia chini ya mibuyu, wanatazama meli zikiingia bandari ya Kilindini, upepo unawapiga na hasira zote zaisha, ila siku za wiki ile foleni ya kurudi inawafikisha nyumbani wakilia. Hadithi haina nauli. Zima tivii, simu weka mbali maana mwanga wake unachelewesha usingizi, sema paukwa, wajibu pakawa, halafu wavute pumzi waitoe polepole, mapigo ya moyo yanashuka. Mimi katikati ya wiki ni hadithi tu, bahari naiweka Jumapili.