Nimetumia apu ya kutafsiri msimu mzima na wageni wa mlima, haya ndo maoni yangu

Kuanzia Juni mpaka Oktoba nimetembea na apu ya kutafsiri kwenye simu, ile ya kulipia, elfu kumi na tano kwa mwezi. Jina siliweki maana shida ninayotaka kuisema nilishaikuta pia kwenye mbili za bure nilizojaribu kabla yake, sio ya kampuni moja. Mimi ni muongozaji msaidizi mlima Kilimanjaro, nilianza kama mgumu nikibeba mizigo njia ya Marangu, Kiingereza nimekiokota hukohuko juu. Cha kazi nakimudu, maji, chai, pole pole, bado saa mbili, ila mgeni akianza kuongea kama anavyoongea na ndugu yake kwao hapo naachwa. Ofisini Moshi dada yangu ndo anashika simu na meseji za wageni na yeye anatumia hiyohiyo apu, kwa hiyo haya ni maoni ya watu wawili.

Uzuri wake nausema haraka maana upo kweli. Kamera yake inasoma maandishi ya boksi la dawa vizuri sana, mgeni akikuonyesha vidonge vyake unajua ni vya presha au vya tumbo. Barua ndefu za ofisi, zile za tarehe na bei na idadi ya watu, inazitoa safi, dada anasema zimempunguzia kazi nusu. Na kwa Wajerumani na Wafaransa ambao hatuna hata neno moja la kwao imetuokoa mara nyingi tu. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwenye nahau, na hasa vile vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia. Sisi na dada tunaviita hivyo, vitenzi vyenye mkia, yaani kitenzi cha kawaida kabisa unachokijua tangu darasa la tatu, kuja, kuweka, kupita, kuita, halafu nyuma yake wanabandika kijineno kama "off" au "up" au "on" na maana inahama mtaa kabisa. "Put" ni weka, lakini "put off" ni ahirisha, "put up" mtu ni mpe mahali pa kulala, "put up with" ni vumilia, na mgeni akisema chakula cha mahali fulani "put us off" maana yake kiliwakinaisha hata hamu ikaisha. Apu iliniandikia "chakula kilituahirisha". Mwalimu mmoja mstaafu wa Uingereza niliyepanda naye Agosti aliniambia nisijione peke yangu, kwamba hata Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliandika kwenye utangulizi kuwa hapa kwenye vitenzi hivi ndipo watu wa nje wanapopata tabu kubwa kuliko popote. Nilifarijika kusikia hivyo.

Sasa nieleze tukio la Horombo maana ndilo lililonifanya niandike. Horombo iko mita 3,720, ndo kituo cha pili kwa njia ya Marangu, na wageni wengi wa siku sita wanapumzika pale siku moja nzima ili mwili uzoee. Tulikuwa na mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mtu mzuri, mkimya. Jioni baada ya chakula akaniita pembeni ya kibanda, akaniandikia kwenye simu yangu kwa sababu sauti ilikuwa imemkauka: "I think I'm coming down with something, but I'll push on tomorrow." Apu ikanipa: "Nadhani ninashuka na kitu, lakini nitasukuma kesho."

Nikaelewa anataka kuteremsha mzigo. Kweli kabisa nikaelewa hivyo, maana mlimani "coming down" ni neno la kila siku, kila mtu anashuka, na wageni wengi hupunguza mizigo pale Horombo. Nikamjibu "no problem", nikaenda kwa mzee wetu, muongozaji mkuu, nikamwambia mama anataka kushusha begi moja.

Mzee akaniuliza, "Amekwambia kwa mdomo wake?"

"Hapana mzee, kaandika, apu ndo imetafsiri."

"Lete hiyo simu."

Akasoma Kiingereza chenyewe, akanyanyuka palepale bila kumaliza chai yake. Kumbe mama alikuwa anasema homa inamnyemelea. Hiyo tu. Nahau ya Kiswahili tunayo tayari, tena nzuri kuliko yao, homa inaninyemelea, na "push on" ni kwamba atajikaza aendelee tu. Mzee akamvalisha kipimo cha oksijeni kidoleni, akamuuliza kichwa, akamuuliza kama ametapika, akamuuliza usiku uliopita alilala vipi. Kesho yake mama hakupanda, alibaki Horombo na mtu mmoja, na keshokutwa akashushwa taratibu mpaka getini akiwa anaumwa mafua makali ila yuko salama. Kama angeendelea mpaka kituo kinachofuata cha Kibo, mita 4,720, na mafua yale kifuani, sitaki hata kuwaza. Mlima ule mtu anayeumwa hapandishwi, anashushwa, hiyo ndo sheria ya kwanza tuliyofundishwa, na mimi ningempandisha kwa sababu ya sentensi moja iliyotafsiriwa neno kwa neno.

Na hapa ndo pana jambo ambalo nimelifikiria miezi yote hii. Tafsiri za ajabuajabu hazina hatari. Mgeni akisema yuko "under the weather", yaani hajisikii vizuri, na apu ikaandika "niko chini ya hali ya hewa", mtu yeyote anajua hapo kuna kitu hakijakaa sawa, utauliza. Mume akimwambia mkewe "hang in there", yaani jikaze, na apu ikasema "ning'inia hapo", utauliza. Au "we'll play it by ear" ikatoka "tutaicheza kwa sikio", wakati sisi tungesema tu tutajua mbele kwa mbele, utauliza. Hatari ni ile inayokuja imenyooka, Kiswahili fasaha, ina maana kamili, ila sio maana aliyokusudia mwenyewe. Ninashuka na kitu. Mlimani hiyo ni sentensi nzima, haina kasoro hata moja.

Dada yangu yake ilimgharimu pesa. Familia ya watu wanne walikuwa na mpango wa mlima halafu Ngorongoro siku mbili, wakaandika "We'll pass on Ngorongoro this time", apu ikasema "Tutapita Ngorongoro safari hii". Ona ilivyokaa vizuri! Dada akafurahi, akalipa advansi ya lodji, akaweka oda ya gari na dereva. Kumbe walikuwa wanasema hiyo wanaiacha. Kupita na kuacha, mambo mawili yanayopingana kabisa, na apu haikusita hata kidogo. Wageni waliposhuka mlimani wakakuta gari linawasubiri, wakashangaa, dada akawaonyesha meseji yao wenyewe, wakamwelewesha kwa upole tu lakini advansi haikurudi, ilikuwa laki nne na nusu. Ofisi yetu ni ndogo, ile hela ilikuwa ya kuwalipa wagumu wa safari iliyofuata, ikabidi akope.

Nyingine ilikuwa "we had to call the whole Zanzibar thing off". Hapo mkia umekaa mbali na kitenzi chake, maneno manne katikati, apu ikashika "call" peke yake ikaandika "ilibidi tupige simu kuhusu suala zima la Zanzibar". Bahati nzuri dada alikuwa ameshaungua mara moja, akauliza kabla ya kulipa boti. Walikuwa wamefuta.

Nimejaribu kuelewa kwa nini inashindwa hapa na penginepo inaweza. Nadhani sababu moja ni kwamba Kiswahili hakifungi mkia nje, sisi mabadiliko yote tunayafanyia ndani ya kitenzi chenyewe. Isha, ishia, ishiwa. Mgeni akisema "we've run out of water" yeye ametumia maneno matatu pale katikati, kukimbia na nje na ya, sisi tunasema tumeishiwa maji, neno moja limemaliza. Kwa hiyo huwezi kuokota neno huku ukaweka neno kule, lazima kwanza ujue mtu anasema nini ndo useme. Zamani hizi apu zilikuwa zinaunganisha vipande vipande, kuanzia 2016 hivi ndo zile kubwa zikaanza kusoma sentensi nzima kwa pamoja na zikawa nzuri zaidi, lakini zinajifunza kwa maandishi ambayo watu wameshatafsiri, na ya Kiswahili ni machache sana ukilinganisha na Kifaransa au Kihispania. Na nyingi zinapitisha kila kitu kwenye Kiingereza kwanza. Mjerumani asipoelewa kitu kabisa husema anaelewa stesheni tu, stesheni ya treni, sasa hiyo itoke kwa Mjerumani ipite kwa Mwingereza mpaka ifike Marangu, fikiria itafika ikoje.

Kingine, ile huduma ya bila intaneti. Unapakua lugha kabla ya kupanda, na walinitangazia kama ndo sababu ya kulipia. Mtandao mlimani unakamata na kuachia, kwa hiyo mimi naitegemea hiyo, na ubora wake uko chini sana kuliko ukiwa na mtandao. Nilipofika nyumbani niliandika tena ile sentensi ya mama nikiwa na mtandao, safari hii ikasema "nadhani naanza kuugua". Sahihi kabisa! Iliniuma sana kuona vile. Kwa hiyo inajua, ila kule juu ambako ndiko nilikuwa naihitaji haikujua, na hakuna mahali inapokwambia kwamba hapa nakisia.

Upande wa pili nao, sisi kwenda kwao. Dada aliwaandikia wageni waliotua KIA usiku "poleni na safari", wakapokea "sorry for the trip", mama wa watu akapiga simu akiwa na wasiwasi anauliza safari ina tatizo gani. Pole yetu sio kuomba radhi, ni kumshika mtu mkono, na hilo apu zote tatu nilizotumia zimelikosa. Siku hizi tunaandika tu "welcome, you must be tired".

Tunavyofanya sasa ni hivi. Meseji yoyote inayohusu pesa, afya au tarehe haturidhiki na tafsiri, dada anamrudishia mgeni swali fupi lenye kitenzi kisicho na mkia, unataka Ngorongoro, ndiyo au hapana. Mimi mlimani nauliza kwa vidole na kwa maneno machache, kichwa, tumbo, usingizi, kutapika, sisubiri mtu ajieleze. Na tuna daftari kubwa ofisini, upande mmoja mkia wa Kiingereza upande mwingine Kiswahili cha mtu wa kawaida, mzee wetu kila akishuka anatuongezea mawili matatu. "Pass out" ni kuzimia, "pass away" ni kufariki, hizo mbili amezipigia mstari mwekundu tusije tukazichanganya kwenye redio.

Kwa hiyo nyota tatu kwa tano. Kama una duka, au unasoma barua za kawaida, au unataka kujua boksi la dawa limeandikwa nini, pakua tu, ya bure inakutosha. Malipo ya mwezi mimi nimesimamisha mpaka waweke alama pale inapokisia, hata kama ni kidoti chekundu tu pembeni ya neno. Nimewaandikia hilo mara mbili, mara ya pili wakajibu kwamba wamelipokea. Na kama kuna mtu anatumia apu ambayo ukizima intaneti kabisa ukaiandikia "coming down with something" inakujibu kuhusu homa, naomba aniambie jina lake, Desemba napanda tena na watu kumi na mmoja.